Kutafuta Kasoro kwa Utaratibu: Funzo Kutokana na Kompyuta Kongwe Isiyomaliza Kuwaka

Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazomkabili mwalimu wa skuli ya msingi kila siku, imo moja ambayo haiandikwi katika azimio la kazi wala katika maandalio ya somo. Nayo ni kazi ya kutafuta kasoro. Mtoto amekwama katika hesabu za kutoa. Mfereji wa skuli hautoi maji. Kufuli la kabati ya vitabu limegoma. Kompyuta ya ofisini inazimika kabla haijamaliza kuwaka. Katika kila jambo la namna hii zipo njia mbili za kupita. Ya kwanza ni kubahatisha, yaani kujaribu hili na lile mpaka bahati isimame. Ya pili ni kutafuta kwa utaratibu, hatua baada ya hatua, huku kila hatua ikituambia jambo ambalo hatukulijua kabla yake.

Makala haya yana shabaha tatu. Kwanza, kumweleza mwalimu mtarajiwa namna kompyuta inavyowaka na mahali inapoweza kukwama. Pili, kuonyesha kwa mfano wa kweli jinsi kasoro inavyotafutwa. Tatu, kupendekeza somo moja ambalo mwanachuo anaweza kulifundisha katika Darasa la Tano au la Sita bila ya kuwa na kompyuta hata moja.

Tumechagua mfano wa kompyuta mpakato, ile inayokunjwa na kubebwa ambayo wengi huiita laptopu, kwa kuwa skuli nyingi za kisiwani kwetu Pemba sasa zinazo moja au mbili, na aghalabu ni kongwe zilizokwisha kutumiwa na watu wengine. Ndani yake huwekwa orodha za wanafunzi, alama na mitihani. Siku inapogoma, si chombo tu kinachogoma. Kazi ya muhula mzima hushikika pamoja nacho.

Tukio lenyewe

Mwanachuo wetu mmoja alikuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye skuli moja kaskazini mwa kisiwa. Skuli hiyo ilikuwa na kompyuta mpakato moja, yenye umri unaozidi miaka kumi, ikitumia Windows 7. Ilifungiwa kabatini wakati wa likizo. Skuli ilipofunguliwa, kompyuta ikabonyezwa: taa ikawaka, alama ya kampuni iliyoitengeneza ikatokea, kisha alama ya Windows ikaanza kujikusanya, na ghafla kioo kikapiga rangi ya buluu kwa muda usiofika kope kufumba na kufumbua. Mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe, ikarudia mambo yale yale bila ya kikomo.

Ikapelekwa kwa fundi. Fundi aliitazama kwa dakika chache akasema dawa yake ni kupigwa Windows upya, na kwamba vilivyomo vyote vitafutika. Ndani ya kompyuta hiyo zilikuwemo alama za mazoezi ya wanafunzi wa Darasa la Sita za muhula mzima, nazo hazikuwa zimenakiliwa mahali pengine popote. Zilikuwa zimebaki wiki mbili alama hizo zitakiwe. Mwanachuo wetu akaomba ruhusa kwa Mwalimu Mkuu, akaipakata kompyuta hiyo katika gari la abiria, akatuletea chuoni.

Hapana budi tukiri kwamba hata sisi wakufunzi tulianza vibaya. Kwa haraka tuliyokuwa nayo tulifungua kifuniko cha chini, tukachomoa vipande viwili vya kumbukumbu, tukavisafisha na kuvibadilisha nafasi. Papo hapo tukachomoa diski na kuirudisha. Tulipoiwasha, mashine ilianguka pale pale. Tulikuwa tumefanya mambo manne, na hatukujua zaidi ya tulivyojua mwanzo. Lau ingalipona, pia tusingalijua ni lipi kati ya manne lililoiponya, na siku ya pili yake ikigoma tungalianza upya. Mwanachuo mmoja aliyekuwa akitutazama alisema kwa adabu, "Mwalimu, mbona sisi darasani mnatukataza kubahatisha?" Maneno hayo yalikuwa ya haki. Tuliweka bisibisi chini, tukachukua daftari, tukachora safu tatu: Tulichofanya, Tulichokiona, Tulichokifahamu.

Hatua za kompyuta kuwaka

Kabla ya kutafuta mahali safari ilipokatika, sharti kuijua njia yenyewe. Kompyuta haiwaki kwa mara moja kama taa. Huwaka kwa hatua, na kila hatua huitegemea iliyotangulia.

Hatua ya kwanza ni umeme. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230. Chaja huupunguza, kwa kawaida mpaka karibu na volti 19, na kuugeuza uwe wa mkondo mnyoofu kama ule wa betri. Chaja ikifa, au waya wake ukikatika kwa ndani, hakuna taa wala sauti.

Hatua ya pili ni mashine kujikagua. Ndani yake kuna programu ndogo, ambayo mafundi huiita bayosi, iliyowekwa katika kipande maalumu cha bodi na si katika diski. Hii ndiyo inayoamka kwanza. Hukagua kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita ramu, kisha baobonye, kioo na vyombo vinginevyo. Ikikuta kasoro kubwa hulia milio kwa mpango maalumu au kupepesa taa.

Hatua ya tatu ni kutafuta diski. Bayosi husoma maagizo yake: saa na tarehe, diski ipi itangulie, na kwa lugha gani ya kiufundi mashine izungumze na diski hiyo. Katika kompyuta nyingi kongwe maagizo haya, pamoja na saa, hulindwa na seli ndogo ya mviringo mfano wa sarafu. Seli inayotumika sana ni ya volti 3, nayo huandikwa CR2032. Tarakimu zake humaanisha kwamba upana wake ni milimita 20 na unene wake milimita 3.2.

Hatua ya nne ni Windows, au mfumo mwingine wowote, kupakiwa kutoka katika diski mpaka kwenye ramu. Hatua ya tano ni programu za ziada kuamka, zikiwemo zile za kuendeshea kioo, sauti na mtandao.

Mwanachuo azingatie faida ya mpangilio huu. Mashine inayokufa bila ya taa haina haja ya kupigwa Windows, kwani haikufika huko. Na mashine iliyokwisha kuonyesha alama ya Windows imetujulisha kwamba chaja, kioo, na kwa kiasi kikubwa bodi yake, havina lawama. Kalafati wa mashua hafanyi vingine: haanzi kupigilia pamba katika kila kiungo cha mbao, bali kwanza hutafuta ni wapi maji yanapoingilia.

Kanuni tulizozifuata

Kanuni ya kwanza: uliza kabla ya kugusa. Tulimwuliza mwanachuo wetu maswali matatu: Mara ya mwisho ilifanya kazi lini? Tangu siku hiyo kimebadilika nini? Unapoiwasha unaona nini tangu mwanzo, hata kama waona ni jambo dogo? Kwa swali la kwanza alijibu kwamba ilifanya kazi mpaka siku ya kufunga skuli. Kwa la pili, kwamba ilikaa kabatini likizo nzima bila ya kutiwa umeme. Kwa la tatu alisitasita, kisha akasema, "Mwalimu, kila nikiiwasha huja maneno kwamba saa haikutengenezwa, inataka nibonyeze F1. Nami hubonyeza tu, nikidhani ni desturi yake." Tuliyaandika yote katika daftari. Wakati huo hatukujua kwamba jibu la tatu ndilo lililobeba ufumbuzi.

Kanuni ya pili: okoa kilichomo kabla ya kutengeneza chombo. Diski si kompyuta, na alama za wanafunzi si diski. Kwa kutumia kompyuta nyingine tulitayarisha flashi yenye mfumo wa Linux, ambao hutolewa bure na unaweza kuendeshwa kutoka katika flashi yenyewe pasi na kuandika kitu katika diski ya mashine. Tuliiwasha kompyuta mbovu kwa flashi hiyo. Ikawaka. Diski ikaonekana, mafaili yakaonekana, nasi tukanakili alama zote katika flashi ya pili. Kisha tukayafungua yale mafaili katika kompyuta nyingine tuhakikishe kwamba yanasomeka, kwani nakala isiyofunguliwa haijawa nakala. Tangu hapo kazi yetu ilikuwa na utulivu. Hata kama mashine ingalikufa kabisa, hakuna mtoto ambaye angalipoteza alama yake.

Kanuni ya tatu: igawe njia katikati. Kule kuwaka kwa Linux hakukuokoa alama tu, bali kulitufundisha jambo kubwa. Mashine ilikaa macho zaidi ya saa nzima bila ya kuzimika. Kwa hiyo umeme ulikuwa mzima. Joto halikuwa tatizo. Ramu haikuonyesha udhaifu. Na diski ilikuwa ikisomeka. Kwa jaribio moja tuliweka pembeni zaidi ya nusu ya sababu tulizokuwa tukizishuku. Kasoro ilibaki katika eneo dogo, baina ya maagizo ya bayosi na Windows yenyewe.

Kanuni ya nne: isikilize mashine inasema nini. Ile rangi ya buluu iliyopita upesi ilikuwa ni ujumbe, lakini mashine ilikuwa ikijiwasha tena kabla ya mtu kuusoma. Katika Windows 7, mtu akibonyeza F8 mara kwa mara tangu mwanzo wa kuwaka hupata orodha ya njia za kuwaka, na mojawapo huizuia mashine isijiwashe yenyewe inapoanguka. Tulifanya hivyo. Kioo cha buluu kikasimama, na chini yake ikasomeka namba 0x0000007B. Maana yake ni kwamba Windows imeanza kuamka lakini haiwezi kuifikia diski yake ya kuwakia.

Hapa palikuwa na mgongano, na mgongano katika kutafuta kasoro ni neema. Linux inaiona diski, ilhali Windows haiioni. Basi diski ni nzima. Kilichoharibika ni namna ya kuzungumza nayo. Tulifungua kurasa za maagizo ya bayosi. Tarehe ilisomeka Januari ya mwaka 2009. Namna ya kuzungumza na diski iliwekwa katika IDE, ambayo ni ya zamani, badala ya AHCI, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumika siku Windows ilipowekwa katika mashine hiyo. Windows 7 huandaa chombo cha kuzungumzia na diski kwa namna iliyoikuta siku ya kuwekwa; namna hiyo ikibadilishwa ghafla, mara nyingi huanguka. Linux huandaa zote mbili, na kwa hiyo haikujali.

Sasa maneno ya mwanachuo wetu yakapata maana. Seli ndogo ilikuwa imekwisha nguvu kwa uzee. Kabla ya likizo betri kubwa ilikuwa ikiisaidia, lakini kwa kukaa kabatini bila ya umeme betri kubwa nayo ikakauka. Maagizo yakafutika, mashine ikarudi katika maagizo ya kiwandani, na katika mashine hiyo maagizo ya kiwandani yalikuwa ni IDE.

Kanuni ya tano: badilisha kitu kimoja tu, kisha thibitisha. Tuliirudisha ile namna ya diski iwe AHCI, bila ya kugusa jingine. Windows ikawaka mpaka mwisho. Hatukutosheka. Tuliiweka tena IDE kwa makusudi, ikaanguka. Tukarudisha AHCI, ikapona. Hapo ndipo tulipoandika katika safu ya tatu ya daftari kwamba sababu imejulikana. Kisha tukanunua seli mpya, tukaitia, tukatoa betri kubwa na kuiacha mashine usiku kucha bila ya umeme wowote. Asubuhi tarehe ilikuwa sahihi, na mashine ikawaka. Alama zilifika kwa wakati.

Dalili nyingine na mahali zinapoelekeza

Si kila kompyuta inayoanguka wakati wa kuwaka ina ugonjwa huo mmoja. Tunaorodhesha dalili chache ambazo mwalimu anaweza kuzitambua bila ya kuwa fundi.

1. Hakuna taa kabisa. Jaribu tundu jingine la umeme, kisha chaja nyingine ya volti hizo hizo na yenye uwezo usiopungua wa ile ya asili. Halafu ondoa betri, kama hutoka, uiwashe kwa chaja peke yake.

2. Taa zinawaka, feni inazunguka, kioo cheusi, au mashine inalia milio. Shuku ramu. Zima, toa umeme na betri, chomoa kipande kimoja cha ramu uwashe kwa kilichobaki, kisha ubadilishane. Hewa yetu yenye chumvi na unyevu huzifanya sehemu za kugusana zipate ukungu wa kutu. Mara nyingi kuzifuta taratibu kwa kitambaa laini kikavu na kuzirudisha vyema hutosha.

3. Inaanguka baada ya dakika zile zile kila mara, na chini yake ni moto. Shuku joto. Vumbi limeziba feni. Mashine hujizima yenyewe ili kichakato chake kisiungue.

4. Inasikika ikigonga gonga ndani, au inachukua muda mrefu mno kusoma. Shuku diski, na usiiwashe mara nyingi. Nakili kilichomo kabla ya jambo jingine lolote.

5. Inaanguka wakati Windows inapomaliza kuamka, lakini inawaka vyema katika ile njia ya salama inayopatikana kwa F8. Chombo ki kizima. Shuku programu iliyoongezwa karibuni. Katika Windows 10 orodha kama hiyo hutokea yenyewe baada ya mashine kushindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo.

6. Ilianza baada ya umeme kukatika ghafla. Shuku mafaili yaliyoharibika nusu ya kuandikwa. Kisiwa chetu kilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha mpaka mwaka 2010, ulipoletwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Hali imekuwa bora sana, walakini umeme bado hukatika, na kompyuta kongwe ambayo betri yake imekufa huzimika papo hapo kama balbu. Betri nzima si anasa. Ndiyo inayompa mwalimu nafasi ya kuhifadhi kazi yake.

Yapo pia mambo mawili ya usalama. Betri kubwa ikivimba isitobolewe wala isibonyezwe; itolewe matumizini. Na ile seli ndogo isiachwe mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, yaweza kumchoma vibaya kwa muda wa saa mbili tu. Akimeza, apelekwe hospitali mara moja bila ya kungoja dalili.

Kadhalika, kwa mashine zinazotumia Windows 7, mwanachuo afahamu kwamba Microsoft iliacha kuitolea marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Mashine kama hiyo yafaa kuandikia na kuhifadhia kazi za skuli, lakini isitumiwe kwa mambo ya siri katika intaneti.

Daftari na mwenye kulitumia

Tumelitaja daftari mara nyingi, na tuna sababu. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta iliyoitwa Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo amenasa katika swichi moja ya mashine yao. Walimtoa, wakambandika kwa utepe katika daftari la kazi, wakaandika saa, na kwamba alipatikana katika swichi namba 70. Daftari hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian mpaka leo. Mashine ile ilikuwa kubwa ya kujaza chumba, na wenye kuihudumia walikuwa wataalamu. Hata hivyo hawakuiamini kumbukumbu ya vichwa vyao.

Mwanahisabati George Polya, mzaliwa wa Hungaria, alieleza katika kitabu chake How to Solve It, kilichotoka mwaka 1945, hatua nne za kufumbua tatizo: kulifahamu, kupanga njia, kuifuata njia, na kuangalia nyuma. Walimu wengi hufundisha tatu za mwanzo na kuiacha ya nne. Kule kuiharibu mashine tena kwa makusudi na kuiponya kwa mara ya pili ndiko kuangalia nyuma.

Somo linalopendekezwa: Tochi isiyowaka

Darasa: la Tano au la Sita. Muda: dakika 40. Shabaha: mwanafunzi aweze kutafuta kasoro ya kifaa rahisi kwa kubadilisha kitu kimoja kila mara na kuandika anachokiona.

Zana: tochi tano za betri mbili na zenye balbu. Moja iwe nzima. Nne zitiwe kasoro na mwalimu kabla ya kipindi: ya kwanza iwekwe kipande cha karatasi baina ya betri, ya pili igeuzwe betri moja, ya tatu itiwe balbu iliyoungua, ya nne itiwe betri moja iliyokwisha.

Utangulizi (dakika 5): Mwalimu abonyeze tochi mbovu mbele ya darasa na kuuliza, "Tuanzie wapi?" Asikatae jibu lolote, aandike yote ubaoni.

Kazi ya vikundi (dakika 20): Kila kikundi kipewe tochi moja na karatasi yenye safu tatu. Sharti liwe moja: kubadilisha kitu kimoja, kujaribu, kuandika, na kama hakuna mabadiliko, kukirudisha kama kilivyokuwa. Tochi nzima ikae mezani kwa mwalimu.

Majadiliano (dakika 10): Kila kikundi kieleze si kasoro tu, bali kilivyoijua. Kikundi kilichofaulu kwa bahati kiulizwe kwa upole kinajuaje.

Hitimisho (dakika 5): Wanafunzi waandike kanuni kwa maneno yao wenyewe.

Mwanachuo atakayefundisha somo hili atakutana na swali gumu, na afadhali ajiandae. Mwanafunzi mwerevu atauliza: je, tochi ikiwa na kasoro mbili kwa pamoja? Ukibadilisha balbu peke yake haiwaki. Ukiirudisha na kubadilisha betri peke yake, pia haiwaki. Kanuni ya kitu kimoja hapa haitoshi. Ndiyo maana ya ile tochi nzima. Chukua balbu inayoshukiwa uitie katika tochi nzima; ikiwaka, balbu haina kosa. Fanya vivyo kwa betri. Kila kifaa hupimwa mahali ambapo vingine vyote vinajulikana kuwa vizima. Hivyo ndivyo tulivyofanya tulipoiendesha kompyuta mbovu kwa mfumo mzima uliomo katika flashi.

Hitimisho

Tumeanza kwa kutaja mtoto aliyekwama, na ni haki turudi kwake. Mara nyingi mwalimu mpya akikutana na mtoto wa Darasa la Tatu asiyesoma, shauri linalomjia kwanza ni kwamba arudishwe darasa la chini, aanze upya. Shauri hilo ni sawasawa na la yule fundi. Huenda likafaa, lakini hufuta mengi ambayo mtoto anayajua tayari, na kama sababu yenyewe haikuguswa, mtoto ataanguka tena pale pale.

Kusoma nako kuna hatua zake: kuona maandishi, kutambua herufi, kuunganisha silabi, kutamka neno, kufahamu sentensi. Mwanachuo yule yule aliyetuletea kompyuta aliporudi skulini alimchukua mtoto mmoja wa namna hiyo na daftari lake la safu tatu. Akamwuliza silabi kwa kadi zilizo mkononi, mtoto akazijua. Akampa kitabu, mtoto akasoma, polepole lakini sawa. Akamwandikia maneno yale yale ubaoni, mtoto akanyamaza. Akambadilishia kitu kimoja tu, mahali pa kukaa, akamleta safu ya mbele. Mtoto akasoma. Kilichobaki kilikuwa ni kuzungumza na wazazi wake ili macho yakapimwe.

Mazoezi kwa mwanachuo

1. Taja hatua tano za kompyuta kuwaka, na kwa kila hatua eleza dalili moja ya kukwama kwake.

2. Kwa nini wakufunzi katika tukio hili walinakili alama kabla ya kuendelea kutafuta kasoro? Toa mfano mwingine kutoka katika kazi za skuli ambapo kanuni hiyo inahitajika.

3. Andaa karatasi ya safu tatu kwa ajili ya mwanafunzi wa Darasa la Nne anayekosa hesabu za kutoa kwa kuazima. Onyesha maswali utakayomwuliza, moja baada ya jingine, na eleza kila jibu litakujulisha nini.

4. Fundisha somo la tochi kwa wanachuo wenzako. Baada ya kipindi, waulize ni wapi walibahatisha, nawe ujiulize ni wapi uliwaachia wabahatishe.